Kuirudia filamu ya kifantasia iliyotokana na riwaya unayoipenda: filamu kwanza, kitabu baadaye

Mtu akitaka kuirudia filamu iliyotokana na riwaya aipendayo, mara nyingi huanza kwa kukisoma kitabu upya kuanzia jalada hadi jalada, kisha huwasha televisheni siku anayomaliza. Huo ndio utaratibu mbovu kuliko yote. Kitabu kikiwa bado kibichi kichwani, macho hayaitazami filamu, yanaikagua. Kila sentensi iliyoachwa inaonekana kama wizi, na baada ya nusu saa mtazamaji amechoka kugombana kimoyomoyo na mwongozaji.

Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: filamu nzima kwanza, kitabu baadaye tena kwa sura chache tu, halafu filamu mara ya pili kwa kusimamasimama. Kazi yote inatosha jioni nne au tano, na si lazima zifuatane.

Kabla ya kulaumu chochote, piga hesabu hii. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya saa mbili ina kurasa kama 120, na sehemu kubwa ya kila ukurasa ni nafasi tupu. Riwaya ya maneno 120,000 ikisomwa kwa kasi ya maneno 250 kwa dakika huchukua saa nane. Hakuna namna ya kuziingiza saa nane katika mbili. Kwa hiyo kuuliza kama wamekata ni kupoteza muda. Uliza wamekata nini, na pengo wameliziba kwa kitu gani.

Jua toleo ulilonalo

Filamu nyingi za aina hii zina zaidi ya toleo moja, na watu hubishana usiku kucha kumbe kila mmoja aliona toleo lake. Kipimo cha haraka ni urefu. The Fellowship of the Ring ya mwaka 2001, ya kwanza kati ya filamu tatu za The Lord of the Rings, ilioneshwa kwenye kumbi za sinema ikiwa na dakika 178, na toleo refu lililotoka baadaye kwenye DVD lina kama nusu saa ya ziada. The NeverEnding Story ya 1984 ina toleo la Kijerumani la dakika 102 na la kimataifa la dakika 94, na hata muziki unatofautiana: la Kijerumani lina muziki wa Klaus Doldinger peke yake, la kimataifa likaongezewa wa Giorgio Moroder pamoja na ule wimbo maarufu wa mwanzo. Aliyekua na toleo moja akilitazama lingine atahisi kuna kitu kimeharibika bila kujua ni nini.

Usidanganywe na tofauti ndogo ya dakika, lakini. Diski zilizotengenezwa kwa PAL, mfumo wa televisheni wa nchi nyingi za Ulaya na Afrika, huenda kwa fremu (picha mojamoja zinazounda filamu) 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, yaani kasi imeongezeka kwa takriban asilimia 4. Dakika 178 zinakuwa kama 171. Hakuna kilichokatwa, filamu inakimbia tu, na sauti za waigizaji zinaweza kuwa nyembamba kidogo. Blu-ray kwa kawaida hubaki kwenye fremu 24.

Kwa mzunguko wa kwanza chagua toleo la sinema hata kama una refu. Toleo refu hupendwa na wasomaji kwa sababu linarudisha vitu vya kitabuni, na hapo ndipo tatizo lilipo: unaanza kushangilia kila kilichorudishwa, hujali tena kama tukio linasukuma hadithi mbele au limekaa tu. Toleo refu lina nafasi yake katika mzunguko wa pili.

Rekebisha skrini na sauti

Sehemu hii watu huiruka, ilhali makosa yake ndiyo yanayofanya filamu nzuri ionekane ya bei rahisi.

Anza na kulainishwa kwa mwendo. Televisheni nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa kipengele kinachobuni fremu za ziada katikati ya zile 24 halisi. Kwenye mpira kinasaidia. Kwenye filamu ya kifantasia kinaua: majoka na majumba yanaonekana kama vifaa vya maigizo, mavazi yanaonekana kama mavazi ya kukodi, na kamera ikigeuka haraka kingo za watu zinatetemeka. LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow, Samsung hukiita Auto Motion Plus au Picture Clarity. Kizime kabisa, usikipunguze tu. Kama televisheni ina hali ya picha iitwayo Filmmaker Mode, ichague hiyo, itakizima kipengele hicho yenyewe pamoja na mapambo mengine ya rangi.

Halafu umbo la picha. The Wizard of Oz ya 1939 ina picha inayokaribia mraba, uwiano wa 1.37 kwa 1. Kwenye skrini pana ya leo lazima iwe na kingo nyeusi kushoto na kulia. Ukiona imejaza skrini, ama imevutwa na watu wamenenepa, ama imekatwa juu na chini na vichwa vimepungua. Filamu za The Lord of the Rings ni kinyume: uwiano wao ni kama 2.39 kwa 1, kwa hiyo mistari myeusi huwa juu na chini, na picha inatumia takriban asilimia 74 ya kimo cha skrini. Ukibonyeza kitufe cha kukuza ili uondoe mistari hiyo, unatupa karibu robo ya upana wa picha, na kwenye matukio ya kundi la watu tisa wanaotembea kwa safu, robo hiyo ni watu.

Mwanga wa picha upime kwa tukio la giza, la pangoni au usiku. Shusha kiwango cha weusi hadi mistari ile ya juu na chini iwe nyeusi kabisa, kisha pandisha taratibu mpaka uanze kuona mikunjo ya nguo nyeusi. Simama hapo. Zima pia hali ya kuokoa umeme, kwa sababu ndiyo inayofanya skrini ififie na kung'aa yenyewe kwenye matukio ya mishumaa. Taa ya chumba ikae nyuma ya televisheni, si mbele yake. Umbali mzuri wa kukaa ni kati ya mara 1.2 na 1.6 ya ulalo wa skrini. Kwa skrini ya inchi 55, ambayo ulalo wake ni kama sentimita 140, kaa kati ya mita 1.7 na 2.2. Wengi hukaa mbali mno, kisha wanasema mandhari hayakuwagusa.

Sauti ina mtego mmoja mkubwa. Filamu nyingi huchanganywa kwa spika sita, na mazungumzo karibu yote hupelekwa kwenye spika ya katikati. Kama una spika mbili tu za televisheni na kifaa chako kinatoa sauti ya spika sita, mazungumzo yanamezwa na muziki na ngurumo. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa, chagua stirio, yaani sauti ya spika mbili. Ikiwa watu wamelala vyumba vya jirani, washa hali ya usiku, itapunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko. Kiwango cha sauti kipange wakati watu wanaongea. Ukikipanga kwa muziki wa mwanzo utakuwa na rimoti mkononi hadi mwisho.

Maandishi ya chini yana mambo mawili. La kwanza ni majina: kama riwaya uliisoma kwa tafsiri, huenda mfasiri wa kitabu na mfasiri wa filamu hawakuandika majina kwa namna moja. Kuwa na maandishi ya lugha ile ya filamu kwa dakika 20 za kwanza huondoa mkanganyiko, kisha unaweza kuyazima. La pili ni maandishi yanayochelewa au kutangulia. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, vitufe vya G na H huyasogeza kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza, na J na K hufanya hivyohivyo kwa sauti. Ila kama tofauti inakua kadiri filamu inavyoendelea, dakika mbili na zaidi kufikia mwisho wa saa ya kwanza, usihangaike kubonyeza: maandishi yametengenezwa kwa fremu 25 na filamu yako ni ya 24, au kinyume chake. Tafuta faili lingine la maandishi.

Karatasi ya kumbukumbu

Kabla ya kuwasha, chukua karatasi moja, ikunje katikati kwa urefu. Upande wa kushoto andika, bila kufungua kitabu, mambo kumi unayoyakumbuka kutoka kwenye riwaya: tukio, sura ya mtu, mahali, hata harufu. Dakika kumi zinatosha. Upande wa kulia uache mtupu.

Karatasi hii ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Utakapokifungua kitabu baadaye utakuta kwamba baadhi ya yale mambo kumi hayamo kitabuni hata kidogo. Yametoka kwenye filamu uliyoitazama zamani, au kwenye picha ya jalada. Uso wa mwigizaji ukishaingia kichwani huufuta uso uliouwaza mwenyewe, na bila ushahidi ulioandikwa mapema hutajua kipi kilianza. Ndiyo maana karatasi iandikwe kabla, kamwe si baada.

Mzunguko wa kwanza: usisimamishe

Tazama filamu yote kwa kikao kimoja. Simu iwe chumba kingine. Ukilazimika kupumzika, pumzika mara moja tu, mahali hadithi inapobadilisha mandhari, si katikati ya mazungumzo. Hakuna kuandika sentensi. Ruhusa uliyo nayo ni kuweka alama fupi upande wa kulia wa karatasi, neno moja tu pamoja na saa na dakika, kila unapohisi mojawapo ya mambo haya matatu: umechoka, umesisimka, au hujaelewa. Usiandike sababu. Sababu ukiitafuta palepale utakosa dakika mbili zinazofuata.

Alama za "sijaelewa" ndizo zenye faida kubwa, kwa sababu msomaji huzisahau haraka. Kitabu kinamjazia pengo bila yeye kujua. Mfano mzuri ni Harry Potter and the Prisoner of Azkaban ya 2004. Ile ramani ya ajabu ina majina manne ya utani ya walioitengeneza, na riwaya inaeleza waziwazi ni akina nani, mmoja wao akiwa baba yake Harry aliyeweza kujigeuza kulungu. Filamu haielezi. Msomaji anatazama bila kujikwaa. Asiyesoma anabaki na swali, na tukio la kulungu wa mwanga ziwani linampita likiwa na maana pungufu. Pengo la namna hii ni kosa la filamu kama filamu, tofauti kabisa na lalamiko la "mbona wameacha sura ninayoipenda".

Kitabu kwa vipande

Subiri siku moja au mbili. Kisha fungua riwaya, usome sura nne hadi sita tu: ya kwanza, ya mwisho, na zile zinazolingana na alama ulizoweka. Kila tofauti unayoikuta ipe herufi moja kati ya tano: K kwa kilichokatwa, H kwa kilichohamishwa, U kwa vilivyounganishwa, O kwa kilichoongezwa, G kwa kilichogeuzwa. Herufi hizi zinakulazimisha kusema kilichotendeka kabla hujasema kama ni kibaya.

K ndiyo inayoonekana upesi na mara nyingi ndiyo isiyo na uzito. Jambo la kuchunguza si kilichokatwa, ni mkia wake. Kwenye The Fellowship of the Ring, Tom Bombadil, yule mtu wa msituni mwenye buti za manjano, hayumo, na wengi wanaishia kumlilia. Lakini pamoja naye yameondoka makaburi ya vilimani, na humo ndimo hobiti wanne, wale watu wafupi wa hadithi hii, wanapopatia visu vyao. Katika riwaya, kisu cha Merry, mmoja wao, kilifuliwa zamani mahsusi kwa vita dhidi ya ufalme wa Mfalme Mchawi, kiongozi wa wapanda farasi weusi, na ndiyo sababu kinamjeruhi mfalme huyo vitabu viwili baadaye. Kwenye filamu, Aragorn, mrithi wa ufalme anayewaongoza njiani, ndiye anayewagawia hobiti silaha pale kilimani Weathertop, vyuma vya kawaida tu. Kwa hiyo pigo la Merry katika filamu ya tatu limebaki tendo la ushujaa mtupu. Ile asili yake ya kale imeondoka pamoja na mtu mwenye buti za manjano ambaye kila mtu alidhani ni wa pembeni. Fuata mikia namna hii, utajua ni makato gani yaliuma kweli.

H inahitaji macho makali zaidi, kwa sababu maneno yapo, mahali ndipo pamebadilika. Frodo ni hobiti aliyeachiwa Pete yenye uovu na Bilbo, ambaye naye aliipata baada ya kiumbe aitwaye Gollum. Mazungumzo ya mchawi Gandalf na Frodo juu ya huruma ya Bilbo kwa Gollum, kitabuni yapo mapema sana, sura ya pili, wamekaa nyumbani karibu na moto, Gollum akiwa ni habari ya kusimuliwa. Filamu imeyapeleka hadi ndani ya machimbo ya Moria, Gollum mwenyewe akiwanyemelea nyuma. Maneno yaleyale yamepata hatari ndani yake. Huu ni uhamishaji wa kufundishia. Kifo cha Boromir, mmoja wa wale wasafiri tisa, nacho kipo mwanzoni mwa The Two Towers kitabuni, lakini filamu ya kwanza inamalizia hapo, kwa sababu filamu inahitaji kilele na kitabu cha kwanza kinaishia kwa watu kutawanyika. Historia ya Pete, ambayo riwaya inaifumbua kidogokidogo kwa mdomo wa Gandalf, imekuwa utangulizi unaosimuliwa na Galadriel, mtawala wa kike wa elfi, viumbe wa hadithi wasiozeeka. Hapa kuna hasara: mtazamaji anaijua Pete kabla ya Frodo, na ile hofu ya kuigundua taratibu haipo tena. Ile miaka 17 inayopita kitabuni kati ya sherehe ya Bilbo na Gandalf kurudi na ukweli pia imefyekwa, na filamu inakimbia kana kwamba ni muda mfupi tu.

U hutokea pale wahusika wengi wanapogombea dakika chache. Glorfindel, elfi anayemsaidia Frodo kufika kivukoni, amebadilishwa na Arwen, elfi wa kike. Usiishie kusema "amebadilishwa". Tazama nani amepoteza: kitabuni Frodo anavuka juu ya farasi peke yake na anawageukia wapanda farasi weusi kwa upanga, mgonjwa na mkaidi. Kwenye filamu amebebwa. Arwen amepata nafasi, Frodo amenyimwa ujasiri wake.

G ndiyo herufi ngumu, na mara nyingi hutokana na jambo moja: riwaya inaweza kuingia kichwani mwa mtu, kamera haiwezi. Waandishi wa skripti hulazimika kuligeuza wazo kuwa kitendo au ugomvi. Aragorn wa riwaya anataka ufalme wake na upanga unafuliwa upya kabla hawajaondoka Rivendell, makao ya elfi. Aragorn wa filamu anaukwepa ufalme, na upanga unasubiri hadi filamu ya tatu. Upanga umekuwa kipimo cha shaka yake, kitu cha kuonekana kwa macho. Wakati mwingine sababu ni ya kiufundi tu: viatu vya Dorothy, msichana wa The Wizard of Oz, ni vya fedha katika riwaya ya mwaka 1900, vikawa vyekundu kwenye filamu ili vitambe kwenye rangi za Technicolor, mfumo wa zamani wa filamu za rangi. Na wakati mwingine mgeuzo unabadilisha maana nzima. Katika riwaya hiyohiyo Oz ni nchi halisi; filamu inamaliza kwa kuifanya ionekane ndoto ya mtoto aliyegongwa kichwa. Kati ya viatu na ndoto, watu wanabishania viatu.

Kwa O, angalia kama nyongeza imetoka kwenye mbegu iliyomo kitabuni. Howl's Moving Castle ya 2004 imejaa vita ambavyo katika riwaya ya 1986 viko pembeni, na wakati huohuo imeiacha kabisa safari ya kwenda Wales, anakotoka mchawi Howl. Hiyo si filamu iliyoshindwa kuwa mwaminifu. Ni filamu iliyochukua mbegu moja ikaipanda shamba lake. Ukiipima kwa rula ya uaminifu utakosa kila kilicho kizuri ndani yake.

Onyo dogo kuhusu miisho. Filamu iliyotarajia mwendelezo huweza kukata mwisho wa riwaya na kuuhifadhi, kisha mwendelezo usije. The Golden Compass ya 2007 iliziacha sura za mwisho za kitabu kwa hesabu hiyo, na inaishia kwenye matumaini ambapo riwaya inaishia kwenye usaliti. Filamu ya namna hiyo, soma sura za mwisho usiku uleule. Ndiyo mara pekee kanuni ya kusubiri siku moja inavunjwa.

Mzunguko wa pili: vipande vitatu

Sasa unaruhusiwa kusimamisha. Gawa filamu katika vipande vya dakika 45 hadi 60, kila jioni kipande kimoja, na kila kipande kiwe na kazi moja pekee. Ukijipa kazi mbili, utafanya ile rahisi na kuidanganya nyingine.

Kipande cha kwanza, tazama vitu: mikono, meza, kuta, nguo zilivyochakaa. Kurasa za maelezo ya mandhari hazikupotea zote. Nyingi zimehamia kwa mafundi wa mavazi na seti. Kwenye nyumba ya Bilbo, Bag End, tafuta ujanja wa vimo: seti zilijengwa kwa ukubwa wa aina mbili, na mahali pengine Gandalf amewekwa karibu na kamera na hobiti mbali zaidi ingawa wanaonekana wamekaa meza moja. Kinachofichua ujanja ni macho, fuata kila mmoja anatazama wapi hasa. VLC husogeza fremu mojamoja kwa kitufe cha E, na Shift pamoja na S hupiga picha ya skrini kwenye Windows na Linux.

Kipande cha pili ni cha masikio. Chagua tukio la dakika tano, lisikilize umegeuzia skrini mgongo, kisha litazame bila sauti. Tukio linaloeleweka kwa njia zote mbili limeandikwa vizuri. Linaloeleweka kwa sauti tu ni ukurasa wa kitabu uliosomwa mbele ya kamera. Fuata pia wimbo mmoja wa kujirudia. Howard Shore, mtunzi wa muziki wa The Lord of the Rings, aliupa ule msafara wa watu tisa wimbo wao, nao unasikika kwa vipande hadi Rivendell wanapokubaliana kwenda, ndipo unapigwa kamili. Baada ya Moria unarudi umepungukiwa. Wimbo wa Isengard, ngome ya mchawi mwovu Saruman, una mapigo matano kwa kila kipimo, na ndiyo maana mguu ukijaribu kuufuata unajikwaa. Kazi ambayo msimuliaji wa riwaya angeifanya kwa aya nzima hufanywa hapa na pembe moja.

Kipande cha mwisho, tazama mikato. Rudi kwenye alama za "nimechoka" na uhesabu tukio lile lina sekunde ngapi na linabadilisha nini: nani anajua jambo jipya lilipoisha? Kama hakuna, uchovu wako ulikuwa wa haki. Hapa ndipo toleo refu linapofaa, linganisha tukio moja katika matoleo yote mawili. Kifo cha Saruman, kwa mfano, kipo tu katika toleo refu la The Return of the King. Bila hilo, toleo la sinema linamwacha mnarani na kuendelea na safari.

Ukitazama na wengine

Kanuni moja inatosha: waliosoma wanyamaze hadi maandishi ya mwisho yapite. Kisha asiyesoma asimulie hadithi kwa dakika mbili bila kusahihishwa. Anapokwama ndipo filamu ilipoegemea kitabu. Msomaji anayenong'ona "kitabuni ilikuwa hivi" anaharibu kipimo hicho, tena anaharibu filamu. Kama mtoto yupo na riwaya bado hajaisoma, usimwoneshe filamu mwezi huo anaokusudia kuanza kitabu. Nyuso za waigizaji zitamtangulia kila ukurasa.

Mifululizo isilundikwe. The Lord of the Rings kwa matoleo ya sinema ni dakika 178, 179 na 201, jumla saa 9 na dakika 18, na matoleo marefu yanavuka saa 11. Kuyamaliza kwa siku moja kunawezekana, ila filamu ya tatu utaitazama ukiwa umechoka, nayo ndiyo yenye miisho mingi. Usiku mmoja filamu moja, na mzunguko wa pili ufanye kwa filamu moja tu kati ya hizo tatu.

Ikiwa diski yako ina sauti ya maelezo ya watengenezaji, iache hadi mizunguko yote miwili iishe, kwa sababu ukishamsikia mwongozaji akijitetea, ni vigumu kulikumbuka jibu lako mwenyewe. Toleo refu la The Fellowship of the Ring kwenye DVD lina nne, kutoka kwa mwongozaji na waandishi, wabunifu, watayarishaji pamoja na wa kazi za baada ya kupiga picha, na waigizaji. Anza na ya mwongozaji na waandishi. Washa maandishi ya chini wakati huo ili usipoteze mazungumzo ya filamu, na uwe na ile karatasi yenye herufi mkononi: weka alama ya pili pembeni ya kila K, H, U, O au G ambayo sababu yake wanaitaja. Zitakazobaki bila alama ndizo za kuanzia ukija kuirudia tena.